Deni la Mpita Njia

Nyumba niliyozaliwa imo katika uchochoro mmoja wa Mji Mkongwe wa Unguja, uchochoro mwembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana, na mmoja wao amejitwika kapu, mwingine hana budi kujibanza ukutani. Marehemu mama yangu alikuwa na mazoea ya kuacha wazi ubawa mmoja wa mlango wakati wa adhuhuri ili upepo wa baharini uingie, naye akaketi mkekani ukumbini na ungo wake akichagua mchele. Katika miaka ya tisini wageni walipoanza kuwa wengi, mlango ule ukawa unachunguliwa. Mgeni husimama, hutia kichwa, huinua kamera. Mama hakupata kumtukana hata mmoja. Alinyoosha mkono tu, akausukuma ule ubawa polepole mpaka ukagota, kisha akaendelea kuchagua mchele gizani.

Nimeishi na mkono ule miaka mingi kama mtu anavyoishi na shairi lililomshinda kulimaliza. Sasa umenirudia kwa nguvu, kwa kuwa ndugu zangu wawili wanataka tuigeuze nyumba hiyo iwe nyumba ya kulaza wageni, na karatasi zinasubiri sahihi yangu. Ndugu zangu si watu wabaya. Paa linavuja, boriti za darini zimeliwa, na mshahara wa mwalimu na kipato cha mfasiri haviwezi kununua chokaa ya kuta nne. Wao huniuliza: wageni wamekukosea nini? Hawaibi, hawatukani, hulipa chai yao na kwenda zao. Na hilo hasa ndilo swali ninalotaka kulitazama pamoja nawe, msomaji mwenzangu. Mtu anayepita katika mji wa watu kwa miguu yake, kwa adabu, na pesa yake mkononi, akisha kulipa chai, je, bado anadaiwa kitu?

Nilikuwa na jibu langu, jibu la mwenyeji aliyechoka. Jibu hilo lilivurugika Septemba 2023 katika kijiji kimoja cha Ufaransa, mahali ambapo mgeni nilikuwa mimi.

Kijiji hicho ni Saint-Émilion, mashariki ya mji wa Bordeaux, safari ya treni isiyotimia saa nzima. Nilikuwa nimealikwa Bordeaux kwenye mkutano wa wafasiri, na siku ya mwisho tuliachiwa huru. Wenzangu walipanda basi kwenda kuonja mvinyo. Mimi si mnywaji, lakini nilikuwa na haja yangu. Kwa miezi sita nilikuwa nikihangaika na shairi la Kifaransa lililojaa mizabibu, na kupogoa, na mapipa, na wachumaji, ilhali mimi sijapata kuuona mzabibu ukiwa umesimama ardhini. Zabibu nilizozijua ni zile kavu za kwenye biriani, na zile za Dodoma zinazofika soko la Darajani zikiwa zimechoshwa na safari. Kifaransa changu nilijifunza kwa kamusi iliyopasuka jalada na kwa redio ya masafa mafupi. Neno nililijua, kitu chenyewe sikukijua. Nikakata tiketi nikaenda kukitafuta.

Kituo cha treni cha Saint-Émilion kiko mbali kidogo na kijiji, katikati ya mashamba, na mtu hupanda kwa miguu barabara nyembamba huku mizabibu ikimsindikiza kulia na kushoto. Mshangao wa kwanza ulikuwa kimo chake. Akilini mwangu nilikuwa nimeipanda mizabibu mirefu, ya kutoa kivuli, watu wakikaa chini yake kama chini ya mwembe. Kumbe mti wenyewe unanifika kifuani. Umefungwa kwenye nyaya, safu nyuma ya safu, zimenyooka kama safu za watu msikitini. Kwenye ncha za baadhi ya safu wamepanda waridi. Si kwa urembo tu: waridi huugua ukungu mapema, kwa hiyo mkulima wa zamani alilitazama yeye kwanza ili ajue kama shamba liko hatarini.

Kijiji kimekaa ukingoni mwa mwinuko wa jiwe la chokaa, na nyumba zake zote zina rangi ya jiwe hilo, rangi ya samli iliyoganda. Jiwe halikutoka mbali. Lilichimbwa papo hapo, chini ya miguu ya watu. Kwa karne nyingi machimbo yalikwenda yakirefuka gizani, na mawe yakapelekwa kujenga Libourne na Bordeaux, hata leo kijiji kizima kinasimama juu ya utupu wake chenyewe. Kanisa lake kuu la kale ni sehemu ya utupu huo. Halikujengwa, lilichimbwa: mwanzoni mwa karne ya 12 watu waliingia ndani ya mwamba na patasi, wakaondoa kila kisichokuwa kanisa, wakabakisha nguzo, matao na ukumbi wa urefu wa mita 38 hivi. Juu yake, kwenye uso wa ardhi, wakasimamisha mnara mkubwa wa kengele. Basi maji ya mvua yakanyonywa na jiwe, nguzo zikaanza kuchoka kwa uzito wa mnara, na katika miaka ya tisini ikabidi zifungwe mikanda ya chuma. Nilisimama pale chini, shingo imenisisimka, nikakumbuka Beit al-Ajaib yetu iliyoporomoka ubavu Disemba 25, 2020. Sisi tulijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, wao kwa jiwe la chokaa tupu. Adui ni yule yule, maji yanayoingia kimya kimya. UNESCO iliiandika nchi ya Saint-Émilion katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1999, na Mji Mkongwe mwaka 2000. Kwa hiyo tu ndugu wa ziwa moja, tumeachana mwaka.

Jambo moja nilipite haraka, ingawa halipitiki haraka. Bordeaux ile ya karne ya 18, yenye majumba mazuri yaliyosimamishwa kwa mawe kama haya, ilitajirika kwa mvinyo, na kwa sukari na kahawa ya visiwa vya Karibi, na kwa watu waliouzwa. Kuna nyuso zilizochongwa kwenye vipaji vya majumba yake mbele ya mto, na baadhi yake ni nyuso za watu weusi. Nilipoziona siku ya kwanza nilidhani macho yananidanganya. Nani alizichonga, kwa dhamira gani, nawaachia wanahistoria. Ila tangu hapo sikuweza tena kutembea katika nchi ile nikidhani kwamba mimi ni mpita njia tu asiyehusika na jiwe.

Njia zinazoshuka kutoka juu ya kijiji kwenda kwenye uwanja wa kanisa zina mteremko mkali, na mawe yake yamesuguliwa na nyayo mpaka yanateleza kama sabuni. Wenyeji husimulia kwamba mawe hayo yaliletwa kama farumi katika majahazi ya Waingereza yaliyokuja matupu kuchukua mvinyo, kwani nchi hii ilikuwa chini ya mfalme wa Uingereza kuanzia karne ya 12 hadi 1453, na ni Mfalme John aliyewapa wazee wa mji hati ya kujitawala mwaka 1199. Nilikipenda kisa cha farumi. Mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa jahazi lisilo na shehena.

Ni katika mojawapo ya vichochoro hivyo ndipo lilipotokea jambo ninalotaka kulisema. Palikuwa na dirisha lililofunguliwa, chini, usawa wa kiuno changu. Ndani palikuwa jikoni: sufuria motoni, redio inasema, na bibi mmoja amekaa mezani anamenya maharage mabichi, akitia maganda kwenye gazeti na maharage kwenye bakuli. Harufu ya kitunguu ikatoka ikanishika. Nikasimama. Sikufikiri lolote baya. Nilifikiri, laiti marehemu mama angeliona hili. Na mkono wangu, huku nikifikiri hivyo, ulikuwa umekwisha kuitoa simu mfukoni.

Yule bibi aliinua macho. Hakukasirika. Aliniangalia kama mtu anavyoiangalia mvua iliyoanza kunyesha, akanyanyuka, akavuta mbawa mbili za mbao za dirisha, nikasikia komeo likiingia.

Nilibaki nimesimama uchochoroni. Mkono ule niliujua.

Nilijitetea, hapana shaka. Nilijiambia kwamba mimi si kama wale wa mabasi. Nimekuja kwa miguu, nimesoma kabla ya kuja, natunga mashairi, nimetoka katika mji wa mawe uliochoshwa kama huu. Lakini kila mtalii ana hoja kama hiyo mfukoni. Hata yule aliyetia kichwa mlangoni kwa mama huenda alikuwa na bibi kwao aliyechagua mchele. Wapo wanaosema kwamba kwenda kwa miguu au kwa baiskeli ni adabu kuliko kwenda kwa basi, nami ni mmoja wao; lakini siku ile niligundua kwamba mwendo wa polepole una dhambi yake pia. Basi hupita. Anayekwenda kwa miguu ndiye anayepata nafasi ya kusimama dirishani.

Na huko hali ni nzito kuliko kwetu. Wilaya yote ya kijiji hicho haifiki watu elfu mbili, na wanaolala ndani ya kuta za zamani ni wachache mno. Niliyoyahesabu mimi ni maduka ya mvinyo, moja baada ya jingine, milango iliyopakwa rangi vizuri ambayo nyuma yake hakuna maharage yanayomenywa. Dirisha lile huenda lilikuwa la mwisho katika uchochoro wake, nami nikalifunga.

Ajabu ni kwamba kijiji hiki asili yake ni mgeni. Émilion, ambaye jina lake ndilo jina la mahali, alikuwa mtawa wa karne ya 8 kutoka Vannes, huko Bretagne, aliyekuja akaishi pangoni. Hekaya inasimulia kwamba ujanani alikuwa mtumishi katika nyumba ya mkubwa mmoja, akiiba mikate na kuwapelekea maskini. Siku moja bwana wake alimsimamisha amwoneshe alichoficha chini ya joho. Alipolifungua, mikate ilikuwa imegeuka vipande vya kuni. Aliposifiwa kwa muujiza ule alikimbia sifa, akaja kujificha katika mwamba huu, akafa mwaka 767. Pango lake bado lipo. Alikuja hana kitu, akapokewa, akawa mwenyeji.

Na karibu miaka elfu moja baadaye, mwamba ule ule ulipokea wageni wengine. Katika Mapinduzi ya Ufaransa, wabunge wa kundi la Girondins walitangazwa kuwa nje ya sheria, na yeyote awafichaye alijua malipo yake. Mmoja wao, Élie Guadet, alikuwa mzaliwa wa Saint-Émilion. Shemeji yake, Bi Thérèse Bouquey, aliwaficha watoro hao katika vuli ya 1793, mmoja baada ya mwingine, hata wakafika saba. Aliwaweka ndani ya pango lililofikiwa kwa kushuka katika kisima cha nyumba yake. Chakula kilikuwa cha mgawo. Kila mkate uliozidi mezani kwake ulikuwa ushahidi dhidi yake. Hatimaye iliwabidi wageni watawanyike, na baada ya miezi karibu wote wakaangamia: Guadet alikamatwa darini kwa baba yake mnamo Juni 1794 akakatwa kichwa Bordeaux. Bi Bouquey naye alikatwa kichwa Julai 20, 1794. Wiki moja baada ya hapo serikali ya Robespierre ikaanguka.

Wahenga wetu wamesema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Bi Bouquey hakupona.

Nilikaa kwenye ukingo wa ukuta nikiwazia jambo hilo muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Mgeni wa Bi Bouquey hakuwa na chochote cha kulipa, na alichoomba kilikuwa uhai wa mwenyeji. Mgeni wa leo ana pesa ya kulipia kila kitu na haombi ila picha. Iweje basi yule wa kwanza afunguliwe kisima, na huyu wa pili afungiwe dirisha? Sidhani kwamba watu wa zamani walikuwa na nyoyo bora kuliko zetu. Nadhani tofauti iko katika methali yetu nyingine, ile ambayo tumezoea kuitumia kwa mzaha: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sote huichukua kama kijembe kwa mgeni anayeganda. Mimi siku ile niliisikia upya. Jembe ni heshima. Anayepewa jembe ameruhusiwa kuingia katika yale yanayowafanya watu wa mahali wawe watu wa mahali; amekuwa na sehemu katika jasho, na kwa hiyo katika chungu. Mtalii ni mgeni asiyefika siku ya tatu. Hulipa ili asifike. Anabaki mgeni maisha yake yote, na mwenyeji wake anabaki kuwa tamasha.

Baada ya hapo nilikodi baiskeli. Mtu wa umri wangu, ambaye mara ya mwisho kupanda baiskeli alikuwa na nywele nyeusi, angestahili kucheka kidogo kabla ya kuanza, lakini sikucheka. Nilitoka kwa upande wa kaskazini, nikapita ukuta mmoja mkubwa uliosimama peke yake kando ya mizabibu, mabaki ya nyumba ya watawa wa Kidominikani iliyovunjwa wakati wa vita vya Waingereza na Wafaransa katika karne ya 14. Ukuta hauna paa, hauna mwenziwe, na madirisha yake yanatazama anga pande zote mbili. Kisha nikaelekea Saint-Christophe-des-Bardes na vijiji vilivyo ukingoni mwa mwinuko, ambako ardhi huteremka ghafla kuelekea uwanda wa mto Dordogne.

Mteremkoni baiskeli ilinichukua kwa kasi na sikuona kitu. Mlimani ilinishinda, nikashuka nikaisukuma, na hapo ndipo nilipoanza kuona. Kila shina limepogolewa kwa mkono wakati wa baridi, mtu mmoja na mkasi mmoja, shina baada ya shina. Mashina mengine ni manene, yamejipinda kama vidole vya wavuvi wazee, lakini ya kale kabisa ni machache, kwani jalidi ya Februari 1956 iliua mizabibu mingi katika nchi hiyo. Jalidi ya Aprili hurudi kila inapotaka; 2017 ilirudi, 2021 ikarudi, na wakulima hukesha usiku wakiwasha mioto kati ya safu. Tena hakuna mzabibu hata mmoja niliopita ambao ni wa Kifaransa mtupu. Katika karne ya 19 mdudu aitwaye filoksera, aliyetoka Marekani, aliila mizizi ya mashamba ya Ulaya, na dawa iliyopatikana ni kupandikiza: mzizi wa Kimarekani usioliwa na mdudu huyo, juu yake kichwa cha mzabibu wa Kifaransa. Mfasiri hawezi kuipita habari hiyo bila kutabasamu. Kazi yetu nzima ni hiyo.

Nilikuwa bado nasukuma nilipokuta kundi la wachumaji. Mmoja wao, mwanamume wa makamo, alinitazama kofia yangu akanitolea salamu ya Kiislamu. Nikamjibu. Alikuwa mtu wa Morocco, huja kila mwaka msimu wa kuchuma. Tulizungumza kwa Kifaransa kilichovunjika na Kiarabu changu cha chuoni. Aliniita hajji, ingawa sijahiji. Nilimuuliza, kwa aibu kidogo, haoni tabu kuchuma zabibu zinazokwenda kuwa mvinyo? Hakuchukizwa. Alisema, "Nina watoto wanne, hajji. Mimi nachuma tunda. Mengine anajua Mola." Sikumwongezea swali. Si kazi ya mtu aliyekuja na baiskeli ya kukodi kumpimia mwenziwe riziki.

Akakata kichala akanipa. Zabibu zile ni ndogo, nyeusi, ngozi nzito, mbegu nyingi, na tamu kupita nilivyotarajia. Kisha, kwa mzaha nadhani, akanipa na mkasi wake, akachukua mwingine. Basi nikainama.

Nilichuma nusu ya safu moja. Vichala havionekani, vimejificha chini ya majani usawa wa goti, na anayetaka kuvikata lazima akunje mgongo, atie uso majanini, ashike kwa mkono mmoja na kukata kwa mwingine. Baada ya dakika kumi kiuno kilianza kuniimbia. Baada ya robo saa nilijikata kidole. Nyapara alikuja, kijana mpole, akanieleza kwamba mtu asiyeandikishwa haruhusiwi kufanya kazi shambani, bima haimhusu, na kwamba anaomba radhi. Nilirudisha mkasi. Wote wakacheka, nami nikacheka, nikaipanda baiskeli yangu na tone la damu kwenye pedali.

Lakini nilikuwa nimepata nilichokijia. Katika rasimu yangu ya tafsiri, wachumaji wa shairi lile walikuwa wameinua nyuso, mikono yao imenyooshwa juu. Mfasiri wa Unguja, akisikia neno kuchuma, anaona karafuu: watu juu ya miti, wanavuta matawi, jua limewapiga usoni. Nilikuwa nimewapandisha miti watu ambao kazi yao yote ni kuinama. Miezi sita sikuliona kosa hilo, na hakuna kamusi ambayo ingenionesha, kwa sababu hakuna neno nililokosea. Nilikosea migongo ya watu.

Watu huniuliza kama anayekataa kinywaji anaweza kuutafsiri mvinyo. Nadhani wanauliza kitu kidogo. Neno lenyewe mvinyo tulilipewa na Wareno, na neno pipa pia, na tumeyatumia yote mawili tangu zamani, wanywaji na wasio wanywaji. Washairi wa Kiislamu wa Uajemi waliuimba ulevi kwa karne nyingi wakikusudia ulevi mwingine kabisa. Na sisi tunaye mgema, ambaye akisifiwa tembo hulitia maji. Huko Saint-Émilion nako wana daraja za mashamba, zilizoanza 1955 na kupitiwa upya kila baada ya miaka kumi hivi, na sifa hizo zimewagombanisha mpaka mahakamani, na mashamba mengine mashuhuri yakajitoa yenyewe. Moja ya hayo limepewa jina la Ausonius, mshairi wa Kirumi wa karne ya 4, mzaliwa wa Bordeaux, aliyemfundisha mtoto wa mfalme. Huenda ndiye mshairi pekee ninayemjua ambaye jina lake hununuliwa kwa bei kubwa kuliko diwani yake. Utamu au ukali wa kinywaji si ndio uliokuwa unanikosesha tafsiri. Nilichokosa ni kuinama.

Jioni nilirudisha baiskeli, nikapita tena kwenye uchochoro wa dirisha. Lilikuwa limefungwa, na mwanga mwembamba unapenya kati ya mbao. Nilifikiri kubisha niombe radhi. Nikaona kwamba kubisha ni kutia kichwa kwa mara ya pili. Nikateremka kituoni.

Sasa nirudi nyumbani, kwenye karatasi za ndugu zangu. Sina hoja ya kukataa wageni; paa linavuja kwa wote. Nimewaambia kwamba nitatia sahihi kwa sharti moja tu, ukumbi wa chini usiwe mapokezi, ubaki ukumbi wa nyumba, na mtu wa ukoo wetu akae humo mchana afanye kazi yake ya kila siku. Ndugu yangu mdogo anasema huo ni upuuzi wa kishairi, kwamba ukumbi ndio chumba chenye thamani kuliko vyote, na kwamba hakuna atakayekaa. Pengine ni kweli. Bado tunavutana, na mvua za masika zinakaribia.

Jana adhuhuri niliacha wazi ubawa mmoja wa mlango, nikaketi mkekani na ungo. Haukupita muda akatokea msichana wa Kizungu anakokota baiskeli, akasimama, akatia kichwa. Mkono wangu ulikwenda mlangoni wenyewe. Nikaurudisha. Nikamwambia karibu, akavua viatu, akaketi, nami nikamsogezea ungo na kumwonesha kwa kidole lipi ni punje na lipi ni jiwe. Alikaa nusu saa. Hakupiga picha; mikono yake ilikuwa na kazi.

Alichagua vibaya. Usiku mke wangu alitafuna jiwe, na mimi mawili.